Nani Amekufa? Historia ya Hema Kakamega

Desemba iliyopita nilimwambia kukhu, nyanya yangu, kwamba nitalala kwa tenti siku tatu. Alikuwa ameketi nje ya jikoni akichambua mrenda. Hakuinua kichwa. Aliuliza tu: "Nani amekufa?"

Nikamwambia hakuna aliyekufa. Nimepewa likizo kazini, mbogi yetu inatoka Nairobi, tunaenda Buyangu kulala msituni. Sasa akainua kichwa. "Kwani hii nyumba inavuja?"

Nilicheka, nikawasimulia wenzangu kwa gari wakacheka pia. Lakini hilo swali la kwanza halikunitoka. Manake kwetu, ukipita njiani ukaona tenti imesimama kwa boma la mtu, hutajiuliza kama wanapumzika. Utapunguza mwendo, uondoe kofia, umuulize mtu wa boda ni nani ametuacha. Hema letu ni la matanga. Linakuja na viti vya plastiki, spika kubwa na jenereta. Siku zisizo za msiba ni harusi, ama ni harambee, ama mheshimiwa anakuja. Na hata hapo kuna utaratibu wake: wakubwa wanakaa chini ya hema, sisi wengine tunatafuta kivuli cha mti.

Kwa hivyo kukhu hakuwa anafanya mzaha. Alikuwa anauliza swali la mtu aliyeishi miaka mingi na mahema, na hakuna hata moja kati ya hayo lililosimamishwa ili yeye apumzike. Nilipoanza kufuatilia hema lilivyofika Kakamega, niliona kwamba swali lake lina historia ndefu kuliko nilivyodhani.

Kwanza twende mbali kidogo, mahali ambapo picha za likizo zetu zimetoka. Ukitafuta kwa simu neno la kupiga kambi, utaletewa pwani ya Mediterania: kusini mwa Ufaransa, Italia, Kroatia, Ugiriki. Mahema yamepangwa chini ya misonobari, watoto wanakimbilia maji, baba amelala kwa kiti cha kukunja, kitabu kimemfunika uso. Picha hizo zinakaa kama vile wale watu walizaliwa hivyo, kama vile mapumziko ni tabia ya Wazungu jinsi sisi tulivyozaliwa na ugali. Si kweli. Likizo hiyo ilipiganiwa, na ina tarehe.

Mwaka 1936 muungano wa vyama vya mrengo wa kushoto ulishinda uchaguzi Ufaransa. Kabla hata serikali mpya haijatulia ofisini, wafanyakazi waligoma nchi nzima. Hawakurudi nyumbani; walikaa ndani ya viwanda, wakacheza karata na kupiga kinanda, wakakataa kutoka. Mwezi wa Juni ikapitishwa sheria iliyompa kila mfanyakazi wiki mbili za likizo kwa mwaka, na mshahara wake unaendelea. Serikali ikaongeza tikiti ya treni ya bei nafuu kwa watu hao. Kiangazi hicho, wengi waliona bahari kwa mara ya kwanza maishani mwao. Hoteli hawakuweza kulipia. Hema waliweza.

Halafu ikaja vita, ikapita. Mwaka 1950 Mbelgiji mmoja, Gérard Blitz, aliwaita watu wakae naye ufuoni Alcúdia, kisiwani Mallorca, Uhispania. Huo ndio mwanzo wa kampuni ya Club Méditerranée. Leo jina hilo linanukia pesa, lakini mwaka huo wa kwanza wageni walilala ndani ya mahema yaliyobaki kutoka kwa jeshi la Marekani. Fikiria hapo kidogo. Kitambaa kilichoshonwa kwa ajili ya vita kikageuzwa kuwa nyumba ya mtu mwenye kaptura anayekula zabibu. Kwao hema lilibadilishwa kazi, na likabadilishwa na watu waliokuwa na sheria mkononi inayosema wana haki ya kukaa bure wiki mbili bila mtu kuwaita wavivu.

Sasa turudi Kakamega, miaka ileile ya 1930. Huku pia mahema yalikuwa yamefika, tena kwa mamia. Hayakuja kupumzika.

Hema lenyewe halikuwa geni kabisa. Neno limetoka Kiarabu, likapanda kutoka pwani pamoja na misafara. Kwa Nabongo Mumia, mwendo wa siku moja ama mbili kutoka hapa kwa miguu, Waswahili na Waarabu walipiga kambi wakati wa biashara ya pembe, na Wazungu wakafuata njia hiyohiyo. Joseph Thomson alipita mwaka 1883. Miaka kumi na kitu baadaye Waingereza wakaweka kituo chao cha utawala papo hapo Mumias, na mwaka 1920 wakahamisha makao ya wilaya kuja Kakamega. Katika safari hizo zote hema lilikuwa na pande mbili. Kuna aliyelala ndani, na kuna aliyelibeba kichwani, akalisimamisha jioni, akachota maji, akawasha moto, halafu akaenda kulala nje. Theodore Roosevelt alipokuja kuwinda Kenya mwaka 1909, baada tu ya kutoka urais wa Marekani, alikuwa na wapagazi zaidi ya 200. Neno letu safari likaingia katika lugha za dunia kutokana na matembezi kama yale. Waliobeba mizigo hawakuingia na neno hilo.

Halafu ikaja dhahabu.

Mwaka 1931 mlowezi mmoja aitwaye L. A. Johnson alipata dhahabu karibu na Kakamega. Wakati huo walowezi wa nyanda za juu walikuwa na hali mbaya. Uchumi wa dunia ulikuwa umeporomoka, bei ya mahindi na kahawa imeanguka, nzige wamekula kilichobaki. Mtu aliyekuwa akijiita bwana shamba alikuwa na deni benki na lori bovu uani. Habari za dhahabu zilipofika Eldoret na Kitale, waliacha mashamba, wakapakia makarai, sururu na hema, wakashuka Kakamega.

Walikuja kwa mamia. Kando ya mito, kwa mashamba ya watu, kwa malisho, mahema yaliota kama uyoga baada ya mvua. Mji mdogo wa ofisi ya DC ukageuka kuwa mji wa wachimbaji. Palikuwa na baa, palikuwa na karata na sherehe. Baadhi yao waliuona kama mchezo, mapumziko kutoka kwa matatizo ya shamba. Nadhani hiyo ndiyo mara ya kwanza watu wengi wa Kakamega kuona familia za Wazungu zikiishi kwa hema wiki baada ya wiki, zikipika nje na kufua mtoni. Ukiondoa makarai, ungedhani ni picha za likizo.

Isipokuwa hapo walipopiga kambi palikuwa kwa mtu.

Kigingi ndicho nilichokifikiria sana nikiwa Buyangu. Ukiwa na hema unapigilia vigingi lisipeperuke. Mchimbaji wa 1931 alikuwa na vigingi vya aina mbili. Vya kwanza ni vya hema. Vya pili alivipigilia pembeni mwa kipande cha ardhi kuonyesha kwamba dhahabu iliyo chini ni yake. Mwenye shamba anaamka asubuhi, anakuta miti imesimikwa kati ya mtama wake, na mtaro umechimbwa kukatiza. Anaambiwa atalipwa fidia ya mimea iliyoharibika. Ardhi yenyewe? Hapo ndipo sheria ilipoingia.

Mwaka 1930, mwaka mmoja tu kabla ya dhahabu, serikali ya kikoloni ilikuwa imepitisha Sheria ya Amana ya Ardhi ya Wenyeji. Ilisema ardhi ya hifadhi za Waafrika itabaki yao milele. Kama serikali ingehitaji kipande kwa ajili ya umma, ingelazimika kuwapa wenyewe ardhi nyingine ya kiasi hicho, na kwanza iulize baraza la wenyeji. Ilikuwa ahadi iliyoandikwa, imetiwa sahihi, imetangazwa kwa mabaraza. Ile milele ilidumu miaka miwili. Desemba 1932 sheria ikarekebishwa ili ardhi yenye madini iweze kutengwa bila kutoa ardhi mbadala wala kuuliza baraza kwanza. Pesa zingetosha.

Watu walipiga kelele, na si Kakamega peke yake. Kasisi wa ngazi ya juu wa kanisa la Anglikana huku Kavirondo, Archdeacon Owen, aliandika barua kwa magazeti ya Uingereza. Bunge la huko lilijadili suala hilo mwanzoni mwa 1933. Hata Lord Lugard, mtu aliyeitumikia himaya maisha yake yote, alisema hadharani kwamba ahadi imevunjwa. Hapa nyumbani, Tume ya Ardhi ya Kenya ilipokusanya ushahidi Kakamega mwaka 1932, wazee walizungumza wakijua kilicho kwenye mizani. Hofu hiyo ya ardhi ndiyo iliyozaa chama cha North Kavirondo Central Association, ambacho vijana wake waliosoma shule za misheni walisukuma sana jina Abaluyia, ili watu wa koo nyingi waliotengwa kwa vilima na mito wasimame kama kitu kimoja. Ukinisikia leo nikijiita Mluhya, ujue jina hilo lilipata nguvu wakati vigingi vya wageni viko shambani.

Dhahabu ya juujuu ilikwisha haraka. Hema moja baada ya lingine likang'olewa, wachimbaji wadogo wakarudi kwa mashamba yao na madeni yao. Zikabaki kampuni. Kubwa kuliko zote ni Rosterman, iliyochimba chini kabisa ya ardhi hadi ikafunga mwaka 1952. Wazee wetu ndio walioshuka mashimoni, kwa sababu kila nyumba ilidaiwa kodi na kodi ililipwa kwa pesa, si kwa mtama. Leo Rosterman ni jina la mtaa. Unapanda boda mjini unamwambia "nipeleke Rosterman," na hakuna anayekumbuka hema.

Kuna jambo lingine la miaka hiyo ambalo sikulijua mpaka niliposoma kibao. Msitu wa Kakamega, uleule niliokuwa naenda kulala, ulitangazwa kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1933. Mwaka uleule bunge la London linabishana kuhusu dhahabu. Upande mmoja wa barabara serikali inafungua ardhi ili ichimbwe, upande wa pili inaifunga ili isiguswe. Sisemi kwamba kulinda msitu ni kosa. Huo ni mabaki ya msitu wa mvua uliowahi kuungana na ule wa Kongo, na usingelindwa huenda leo tungekuwa tunausoma kwa vitabu tu. Nasema kwamba kwa mtu aliyeishi pembeni mwake, mambo hayo mawili yalifika kwa sura moja: mgeni amekuja na karatasi, anakuambia mahali unapoweza kukanyaga.

Na hema likaendelea kuja kwa njia zake.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, vijana wa Afrika Mashariki walisafirishwa kaskazini. Wengine walikuwa askari, wengine vikosi vya kazi vya kujenga barabara, kupakua meli na kuchimba mitaro. Walifika Misri, Libya, Palestina. Kwa hiyo ukitaka kujua ni lini Wakenya wa kawaida walipiga kambi kwa mara ya kwanza karibu na ile bahari ya picha, jibu ni miaka ya 1940, ndani ya mahema ya jeshi, kabla Blitz hajafika Alcúdia. Walilala wakisikia mawimbi yaleyale. Tofauti ni kwamba asubuhi filimbi ililia. Baada ya vita, wenzao wa Ulaya walirudi ufuoni na mahema ya jeshi wakacheza. Wetu walirudi nyumbani ambako bado walihitaji kubeba kipande shingoni.

Miaka ya 1950 neno kambi likapata uzito mwingine Kenya. Hali ya hatari ilitangazwa mwaka 1952, na maelfu kwa maelfu wakafungiwa katika kambi: Manyani, Mackinnon Road, Mwea, Hola. Tarehe 3 Machi 1959 walinzi wa Hola waliwapiga wafungwa 11 hadi kufa kwa sababu walikataa kazi ya kulazimishwa. Jaribu kumwambia mtu wa kizazi hicho kwamba unaenda kambini kujiburudisha. Neno lenyewe litakukataa.

Lakini palikuwa na mlango mdogo wa pembeni, nao ulikuwa skauti. Shule nyingi zilikuwa na kikosi, na kijana mwenye skafu shingoni angeweza kufika kambi ya Rowallan kule Nairobi, apige hema, afunge mafundo, aimbe kando ya moto, na arudi nyumbani mzima. Baba yangu ni mmoja wao. Mpaka leo anakunja nguo kama skauti. Nilipomuuliza kama walikuwa wanapumzika, alifikiria. "Tulikuwa tunajifunza nidhamu," akasema. Hata pale hema lilipokuwa la furaha, lazima lingepewa kazi.

Baada ya uhuru watalii wakaanza kufika msituni. Mwaka 1985 upande wa kaskazini, Buyangu, ukatengwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Kakamega. Wakaja watafiti wa ndege na nyani, wakaja vijana wa Ulaya waliokuwa wakivuka bara kwa malori makubwa, wamebeba hema na masufuria. Uwanja wa kupigia kambi pale Buyangu unaitwa Udo's, jina la mtafiti wa ndege. Vijana wa vijiji vya karibu wakajifunza majina ya ndege na vipepeo kwa Kiingereza na Kilatini, wakawa waelekezi. Upande wa Isecheno, tangu miaka ya 1990, waelekezi na walimu walianzisha mradi wa kuwafundisha watoto wa shule za kando thamani ya msitu. Hiyo ni kazi ya maana. Ila mgawanyo ulikuwa uleule wa zamani: mgeni ndani ya hema, mwenyeji njiani akimwonyesha mbega.

Na hema la mwisho kabla ya langu ndilo ninalolikumbuka mwenyewe. Mwanzoni mwa 2008 nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Shule zilichelewa kufunguliwa. Kwa televisheni ya jirani tuliona uwanja wa maonyesho wa Eldoret umejaa mahema meupe, safu kwa safu, na akina mama wamekaa nje na mabeseni. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa baada ya uchaguzi ule, na zaidi ya 600,000 wakahama makwao. Darasani kwetu alikuja msichana mgeni aliyetoka kambi kama ile. Mwalimu akatuambia tusimuulize maswali. Tulimuuliza moja tu, kwa sababu watoto ni watoto: kulala kwa tenti ni kama nini? Akasema usiku wa mvua unasikia kila kitu, na huwezi kufunga mlango.

Nilikumbuka jibu lake usiku wa kwanza Buyangu. Kakamega mvua haikuulizi ni mwezi gani. Ilianza jioni, ikagonga turubai mpaka hatukusikiana. Zipu ilikuwa imekwama. Wenzangu wanacheka, mmoja anarekodi video ya kuweka mtandaoni, na mimi nimelala macho wazi nikiwaza kwamba huu ni usiku uleule aliousema yule msichana. Mvua ileile, kitambaa kilekile. Kilichobadilika ni kwamba mimi Jumapili nitarudi nyumbani, na nyumba itakuwepo.

Hapo ndipo nilipoelewa swali la kukhu. Hema halijawahi kuwa na maana yake lenyewe. Maana inatoka kwa maswali mawili: uliingia humo kwa hiari, na uko kwa nani? Mfanyakazi wa Ufaransa wa 1936 aliingia kwa hiari, sheria ikiwa upande wake. Mchimbaji wa 1931 pia alikuja mwenyewe, lakini hakupiga hodi. Askari wetu kule Misri hakuwa na hiari kubwa. Mama wa Eldoret hakuwa na hiari hata kidogo. Na sisi wenye mabegi mapya na taa za kuchaji, tuko wapi katika orodha hiyo?

Nina majibu mawili, na yanavutana.

La kwanza ni kwamba tuna haki. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inampa mfanyakazi siku zisizopungua 21 za likizo yenye mshahara kila baada ya miezi 12 ya kazi. Ni nyingi kuliko walizopata Wafaransa mwaka 1936. Lakini zihesabie wenzako mtaani. Wa boda, wa mama mboga, wa kibarua cha mjengo, wa kuuza vitu mtandaoni: likizo ataomba kwa nani? Wengi wa rika letu hawajawahi kuona mkataba. Na hata sisi tuliouona, siku tukipewa, tunapanda matatu kwenda ushago kwa sababu kuna matanga, ama kuna fidi ya mtu, ama paa la kukhu linahitaji mabati. Likizo yetu ni kazi nyingine. Ndiyo maana nasema kulala msituni siku tatu bila sababu si upuuzi, na si kuiga Wazungu. Watu waligoma kwa ajili ya kitu hicho. Babu zetu walibeba mahema ya wengine. Mjukuu akilala ndani ya moja bila deni la mtu, historia haijaharibika.

La pili ni kwamba haki haikuondolei hodi. Asubuhi ya pili tulitembea na mwelekezi mpaka kilimani, jua linachomoza, ukungu umejaza bonde, hondohondo wanapiga kelele kama watu wanaogombana sokoni. Mmoja wetu akasema, "Hapa hakuna watu kabisa, ni raha." Mwelekezi, kijana wa rika letu, akanyoosha kidole kwenye moshi ukingoni mwa msitu. "Pale ni kwetu," akasema. Akatueleza bila kununa kwamba mama yake alikuwa akiokota kuni humu, na kwamba sasa akiingia upande huu bila ruhusa ni kosa. Sisi tulilipa langoni, tukaingia na gari.

Hatukujua la kusema. Tukamuuliza kuni za moto wetu wa jana zimetoka wapi. Tulikuwa tumezikuta zimefungwa vizuri karibu na jikoni, tukazichoma zote usiku mmoja tukiimba. Akatuambia ziliuzwa na jirani yake. Basi, angalau hizo zilikuwa na mwenyewe na bei. Tangu hapo tuliuliza kila kitu: mayai ya nani, ndizi za nani, nani anapika chapati karibu. Siku ya tatu tulikula kwa mama mmoja nje ya lango, ugali wa mtama na kuku, tukalipa, tukakaa kivulini kwake mpaka saa tisa. Nikikumbuka safari ile, mchana huo ndio niliopumzika.

Historia hii haijaisha, na hilo linanitia wasiwasi kuliko mvua. Huko Ikolomani, upande wa Isulu na Bushiangala, dhahabu imepimwa tena miaka ya karibuni, mara hii kwa mashine kubwa, na familia zinajadili habari za kuhamishwa na fidia. Mabishano ni yaleyale ya 1932: nani aliulizwa, ardhi kwa ardhi au pesa kwa ardhi. Akina mama bado wanaosha mchanga kwa makarai mtoni. Sitashangaa nikiona hema limesimama huko. Nikiliona nitauliza kama kukhu.

Nilirudi kwake Jumapili jioni, nguo zinanuka moshi. Alinitazama toka juu mpaka chini.

"Mlilala kwa nani?"

Nikataka kusema kwa serikali, kwa hifadhi, kwa Udo. Nikamwambia kuna kijana mmoja, boma lao liko ukingoni mwa msitu, na kuna mama aliyetupikia. Nikamtajia kijiji. Akafikiria, akatafuta kichwani mwake koo na ndoa na mazishi ya miaka hamsini, halafu akatikisa kichwa kukubali. Anawajua. Shemeji ya mtu fulani ameolewa huko.

"Basi hamkupotea," akasema. Akanisogezea kigoda. "Na umepumzika?"

Nikamwambia ndiyo, kukhu, kidogo.

"Hiyo tenti ilaze nje ikauke. Mwaka ujao nione kama mgongo wangu utaiweza."